Zubeda Anachagua Jiko

Mbelgiji aliyemuuzia Massoudi nyumba ya mtaa wa Kabondo alikuwa mtu wa dini, Jumapili haimpiti, lakini alipoondoka aling'oa jiko. Si sufuria na vijiko, maana hivyo ni haki yake. Aling'oa makabati, aling'oa sinki, aling'oa jiko la umeme na meza ndefu ya kupikia, na bomba la maji akaliziba kwa kipande cha mti. Alichobakiza ni matundu ukutani, vigae vya kijani vilivyomeguka, na kalenda ya kiwanda cha bia ya mwaka juzi.

"Jiko iko wapi?" Zubeda akauliza siku walipohamia.

"Hii ni chumba ya jiko," Massoudi akasema. "Jiko yenyewe tutaweka."

Ulikuwa mwaka wa pili tangu bendera ya Mbelgiji ishushwe. Massoudi alikuwa na malori matatu ya kupandisha mizigo Gitega, tumbo la kuthibitisha malori, na kofia ya kuthibitisha tumbo. Yeye na mkewe walikuwa wameishi Buyenzi miaka ishirini na miwili, katika nyumba ambayo jiko lake lilikuwa uani, na mtaa mzima ukijua kwa pua nani leo anakula nini. Sasa walikuwa juu mlimani, kwenye bustani na ukimya. Kwa wiki tatu Zubeda alipika kwa makaa barazani nyuma, mpaka mke wa jirani, mume wake mkubwa wa ofisi fulani, akamtuma mtumishi aje aulize kama nyumba inaungua.

"Mwambie bado," Zubeda akajibu. "Lakini akija na sahani, hatarudi nayo tupu."

Massoudi aliona aibu. Jioni hiyo alitangaza kwamba wataita makampuni. Makampuni ya kweli, si mafundi wa kubahatisha. Yatakuja, yatapima, kisha watachagua.

"Nani atachagua?"

"Si sisi?"

Massoudi akisema sisi, Zubeda alijua, huwa anamaanisha yeye na kofia yake.

Wa kwanza alikuja Jumanne. Aliitwa Herménégilde, kijana, wakala wa kampuni yenye makao makuu Bruseli, na jina la Bruseli alilitamka kama mtu aliyelala huko jana. Jua la saa saba lilikuwa linakaanga lami, lakini yeye alikuwa na koti, tai nyekundu, na viatu ambavyo ungeweza kujitazamia meno. Massoudi alimsalimu kwa mikono miwili. Zubeda alimsalimu kwa kidevu.

"Voilà, monsieur le directeur," akasema, akafungua katalogi juu ya meza.

Massoudi, ambaye hakuwahi kuwa direkta wa kitu chochote kisicho na matairi, alikaa wima. Zubeda akaona kabisa kwamba hapo hapo jiko limeshauzwa.

Katika katalogi kulikuwa na mwanamke wa Kizungu mwenye nywele kama ndevu za mahindi mabichi. Alisimama mbele ya makabati meupe, keki mkononi, akicheka peke yake.

"Huyu anacheka nini?" Zubeda akauliza.

"Amefurahia jiko yake, madame."

"Anapika nini?"

"Gâteau, madame."

"Na bugali ya watu kumi na wawili atasongea wapi?"

Herménégilde akafunua kurasa kwa bidii, kana kwamba bugali ina ukurasa wake mahali fulani huko nyuma. Hakuupata. Akatabasamu. "Kwa jiko hii, madame, kila kitu ni kubonyeza tu."

"Nibonyeze bugali?"

Massoudi akakohoa.

"Mi nauliza," Zubeda akaendelea, mkono kifuani, "kwa sababu nikisonga, sufuria naishika na miguu. Sasa hii jiko imenifika hapa. Miguu nitaipandisha wapi?"

Kijana akatazama picha, akatazama miguu ya Zubeda, akaandika kitu katika daftari lake. Mpaka leo Zubeda anatamani kujua aliandika nini.

Vyombo, Herménégilde alieleza, vitatoka Ulaya kwa meli, vitapanda treni, vitavuka ziwa. Miezi minane, Mungu akipenda. Mkataba ataleta Jumatatu. Massoudi akamsindikiza mpaka barabarani akitembea kidirekta, mikono nyuma.

Wa pili alikuja Alhamisi. Huyu alikuwa Musyé Gastoni, Mbelgiji aliyekataa kuondoka. Wenzake walipokuwa wakifunga masanduku, yeye alipita nyumba hadi nyumba akinunua vyombo vyao kwa bei ya machozi, akavijaza ghala lake karibu na bandari. Kiswahili alikijua vizuri, hasa matusi ya makuli. Hakuleta katalogi, hakuleta mita. Alisimama mlangoni mwa kile chumba, akatupa jicho mara moja, akasema:

"Jiko yenu iko kwangu. Kesho naleta."

"Hupimi?" Massoudi akashangaa.

"Patron, mi napima na macho."

Kesho yake asubuhi lori lilifika, na wafanyakazi wanne wakashusha makabati, sinki, jiko la umeme na meza ndefu. Vikaingia kama mguu unavyoingia katika kiatu chake cha zamani. Kabati la kwanza lilikaa pembeni bila kubaki hata nafasi ya unyasi. Sinki lilitua juu ya bomba kama kuku anayerudi kwenye mayai yake. Skurubu zilikuta matundu yanazisubiri ukutani.

Massoudi alipiga makofi. "Umeona, Mama Idi? Umeona mutu mwenye uzoefu? Bila hata mita!"

Zubeda hakupiga makofi. Kabati la mwisho lilikuwa bado halijasukumwa ukutani, na nyuma yake, juu ya saruji iliyokauka, kulikuwa na kitu cha kijani. Akakibandua kwa kucha. Kilikuwa kipande cha kigae. Akakipeleka ukutani, pale palipomeguka, akakiweka. Kikakaa. Kulikuwa na ufa mwembamba katika kigae cha jirani, na ufa ule ukaendelea juu ya kipande chake bila kukatika.

"Baba Idi, kuja."

Massoudi akaja. Akakitoa kipande, akakirudisha. Akakitoa tena.

"Inafanana," akasema.

"Apana kufanana. Ni yenyewe. Huyu mutu anatuuzia jiko ya nyumba yetu."

Wafanyakazi wakaacha kazi ili wasikie vizuri. Musyé Gastoni akawasha sigara, wala hakuona haya.

"Madame, yule mutu aliuza nyumba kwenu. Jiko aliuza kwangu. Kosa iko wapi?"

"Mi nilinunua nyumba na kila kitu ya ndani!" Massoudi akapaza sauti.

"Ulisoma karatasi?"

Massoudi hakusoma karatasi. Karatasi ilikuwa na kurasa kumi na moja, zote za Kifaransa, na yeye alikuwa ametia sahihi pale alipoonyeshwa, sahihi nzuri yenye mkia. Kwa kuwa kunyamaza hakukuwa desturi yake, akapiga kelele kwamba Gastoni atoke, na vyuma vyake vitoke, na asikanyage tena kilima hiki.

"Ngoja," Zubeda akasema.

Alikwenda kusimama mbele ya ile meza ndefu. Ilimfika kifuani. Mke wa yule Mbelgiji lazima alikuwa mtu wa kuchuma maembe bila ngazi. Zubeda akakunja ngumi kama aliyeshika mwiko, akasonga hewa. Viwiko vyake vilipanda juu kama mbawa za kuku anayefikiria kuruka. Mfanyakazi mmoja akacheka, akajifanya anapiga chafya.

Hasira yote ikamtoka Zubeda. Kumbe jiko lenyewe hata asingelitaka! Wanaume hawa walikuwa wanagombania kitu ambacho wala hakimfai. Akamgeukia Gastoni.

"Acha vitu yote hapa mpaka Jumatatu. Kuna kampuni ingine itakuja kuangalia."

"Kampuni gani?"

"Utaiona."

Gastoni alitaka kukataa, lakini mizigo yake ya Gitega ilipanda kwa malori ya Massoudi na ya marafiki wa Massoudi, na habari ya kigae ingefika Gitega kabla ya lori. Akavuta sigara mpaka ikamuunguza vidole. "Jumatatu," akasema.

Jumamosi Zubeda alishuka Buyenzi peke yake. Nyuma ya msikiti kulikuwa na karakana ya Mirindi na mkewe Ernestine, watu wa Bukavu waliovuka mto Rusizi na randa moja, msumeno mmoja, na kitanda ambacho Mirindi alikataa kukiacha kwa sababu alikitengeneza mwenyewe. Kibao chao kiliandikwa MIRINDI NA MADAME, KAZI ZOTE YA MBAO. Walitengeneza madawati, milango na majeneza. Rafiki yake Zubeda, Sijaona muuza sambusa, alitengenezewa nao meza, na tangu siku hiyo Sijaona hakulalamikia tena mgongo, ingawa mengine yote aliendelea kuyalalamikia.

Jumatatu Ernestine alikuja mwenyewe, chaki nyuma ya sikio. Chumba alikitazama kidogo tu. Kisha akapiga magoti, akaanza kumpima Zubeda: kutoka kiwiko mpaka chini, kutoka bega mpaka ncha ya vidole.

"Unakoroga na mkono gani, mama?"

"Kuume."

"Basi songa nione."

"Nisonge sasa hivi?"

"Sasa mi nitajuaje?"

Zubeda akawasha makaa barazani, akabandika sufuria kubwa, na ya samaki pembeni. Akasonga kweli kweli, miguu imeibana sufuria, jasho linamtoka, na Ernestine akamzunguka akichora sakafu: hapa mguu, hapa kiwiko, hapa mvuke unakupiga usoni. Massoudi alitokea na kofia yake.

"Kampuni gani inapima mutu badala ya ukuta? Kwani mnatengeneza jeneza?"

"Na jeneza tunatengeneza, baba," Ernestine akasema bila kuinua kichwa. "Ukipenda nikupime kabisa, nishakuwa hapa."

Massoudi akarudi ndani haraka kuliko alivyotoka.

Ndani alimkuta Herménégilde na mkataba, na nyuma ya Herménégilde, Gastoni. Herménégilde akampa kalamu. "Hapa chini, monsieur le directeur." Mkono wa Massoudi ulikuwa umeshaanza kuutafuta ule mkia wa sahihi yake, Zubeda alipoingia na mwiko.

"Soma kwanza," akamwambia Herménégilde. "Kwa Kiswahili."

"Madame, ni maneno ya sheria…"

"Ndiyo maana."

Herménégilde akaanza kusoma, akitafsiri sentensi kwa sentensi. Mwanzoni alisoma haraka, kama mtu anayekimbia mvua. Alipofika kifungu cha nne, akapunguza mwendo: urefu wa meza haubadilishwi kwa ombi la mnunuzi. Kifungu cha tano: chombo kikivunjika njiani, ni bahati ya mnunuzi. Katika kifungu cha sita akasimama kabisa.

"Nini?" Massoudi akauliza.

"Hapa… hapa wanasema fundi wa kufunga atatoka Bruseli. Ndege, hoteli na chakula ni juu ya mnunuzi." Akageuza ukurasa, akaurudisha. "Kweli, baba, hii mi mwenyewe sikuwa nimeiona."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita baba. Gastoni akacheka mpaka akakohoa. Massoudi akafunga kalamu polepole, akaiweka mezani mbali na yeye mwenyewe.

"Mama Idi," akasema, "we unasema nini?"

Katika miaka ishirini na miwili Zubeda alikuwa ameulizwa swali hilo mara chache sana, nyingi zikiwa kuhusu chumvi. Hakupoteza nafasi. Sinki na jiko la umeme vitabaki, kwa sababu sinki ni sinki, na jiko la umeme litafaa kwa chai. Makabati ya juu na meza ndefu Gastoni arudi navyo, akamtafutie mtu mrefu. Kwa vilivyobaki, Massoudi atampandishia mizigo yake Gitega mara mbili bure, na mdomo wa Zubeda utapanda humo humo, umefungwa. Yote mengine ni ya Mirindi na Madame.

"Hao na kibao cha makosa?" Massoudi akajaribu.

"Hao."

Gastoni akampa mkono Zubeda, si Massoudi. Herménégilde akalegeza tai. Alikuwa ameanza kupanga karatasi zake aondoke, lakini harufu ya samaki ilikuwa imeshaingia sebuleni, naye hakuwa amekula tangu asubuhi. Alikula sahani mbili. Wakati wa sahani ya pili alikiri kwamba kwao Musaga wanapikia nje na kwamba hajawahi kuliona jiko la katalogi kwa macho yake.

Mirindi na Ernestine walifanya kazi siku kumi na sita, wakigombana kwa Kishi, lugha ya kwao Bukavu, ili wenye nyumba wasielewe. Walipomaliza, meza ilimfika Zubeda kiunoni. Karibu na mlango, juu ya mahali pa makaa, palikuwa na chuma chenye masikio mawili ya kubana sufuria, na dirisha lilipanuliwa litazame uani. Droo moja ilikuwa inakwama. Ernestine alisema ni mbao, Mirindi alisema ni mvua, Zubeda alisema ni Mirindi.

Ijumaa ya kwanza, baada ya swala, Massoudi alichungulia. Akauliza yeye atasimama wapi.

"Hapo mlangoni."

Akasimama hapo mlangoni. Zubeda akasonga, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe miguu yake ilikuwa sakafuni yote miwili, haina kazi. Sufuria haikutikisika. Alipomaliza kuipua, akabandua kipande cha ukoko wa moto, akampa mumewe. Massoudi akatafuna. Akatazama meza, akatazama dirisha, akapapasa kile chuma kama anayekagua injini.

"Unajua, Mama Idi," akasema, "siku ya kwanza tu nilijua hii ndiyo jiko. Nilivyowatazama wale wengine, nikasema moyoni, apana. Kuchagua kampuni inataka mutu mwenye jicho…"

Zubeda akabandua kipande kingine, kikubwa zaidi, akamtia mdomoni.