Kiyoyozi cha Mzee Osiako

Mzee Osiako wa Shianda alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha sukari kwa miaka ishirini na saba, na kwa kuwa muda wote huo alihesabu spana za watu wengine, alistaafu akijiona injinia. Ndiyo maana nyumba yake ilikuwa na kiyoyozi cha kupasha joto na kupoza, na pale sebuleni palipostahili picha ya harusi pakawekwa thamostati. Ukikibonyeza kidude hicho cha ukutani, kiyoyozi kinatii. Kanisa zima lilikuwa limepashwa habari hiyo, wengine mara mbili.

Julai hii, baridi ikiuma, thamostati iligoma. Kioo chake kiliandika: hakuna mawasiliano na mtambo. Na Jumamosi hiyo ushirika wa kanisa ungekutana kwake kuchagua mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Osiako alikitamani kiti hicho kuliko kitu chochote tangu astaafu, na alikuwa amewaahidi wazee kwamba watavulia makoti mlangoni.

Alifanya uchunguzi wa kitaalamu, yaani alivaa miwani. Akabadilisha betri. Akazima, akawasha. Akasoma kitabu cha maelekezo mpaka kurasa za Kichina. Mkewe Muhonja, ambaye kanisani aliitwa Mama Mitchel, alikuja mara tatu kutaka kusema neno, na mara tatu akainuliwa kidole anyamaze, bwana anasoma.

Alhamisi maarifa yalimwishia, akaita fundi kutoka mjini. Akaja binti aitwaye Chemutai, na Osiako alisikitika kuona fundi aliyevaa hereni. Binti hakugusa ukuta. Aliuliza mtambo wenyewe wa nje uko wapi. Nyuma, akajibiwa, kando ya jiko. Je, mzee ameukagua? Osiako alimtazama kana kwamba ametukanwa. Jiko la Muhonja lilikuwa kibanda cha uani, hatua thelathini hivi, na mwanamume mwenye heshima zake hazururi jikoni. Tangu mtambo ufungwe hajawahi kwenda kuuona.

Chemutai alikwenda mwenyewe, akarudi ananukia moshi na mahindi ya kuchoma. Mtambo ni mzima, akaeleza. Tatizo ni feni, inarudisha moshi wa kuni jikoni, kwa hiyo mama ameuzima kwenye swichi ya nje. Kuugeuza utazame upande mwingine ni kazi ya saa moja.

"Lakini amesema hiyo swichi haiguswi mpaka mzee mwenyewe akuje amuulize," akamalizia. "Anasema amejaribu kukuambia."

Osiako alicheka kicheko cha wakubwa, akamwambia binti bado hajaiva kikazi, akamrudisha mjini. Yeye aende jikoni kuomba ruhusa ya swichi yake?

Jumamosi wageni walikaa miguu juu ya vigae baridi wakikodolea macho kidude kilichorudia maneno yale yale. Osiako akawasomesha habari za nyaya. Dinah, katibu wa ushirika, alikwenda kumsaidia Muhonja kupika chai na hakurudi. Akina mama wengine wakamfuata. Wazee walivumilia mpaka mwisho wa sala ya kufungua, kisha mmoja akabeba kiti chake kuelekea jikoni bila hata kutoa sababu, na waliobaki wakaona huyo ana akili. Pasta aliondoka wa mwisho, kwa adabu.

Osiako akabaki na makochi. Nyuma walicheka, wakanyamaza, wakapiga makofi. Alijua kabisa makofi hayo si yake. Mara Dinah akaja, uso unang'aa kwa joto la moto.

"Baba Mitchel, tumemaliza," alisema. "Tumechagua Mama Mitchel awe mwenyekiti. Anauliza kama utakuja kukunywa chai na wengine."

Aliomba aletewe hapo alipo. Dinah akasema atauliza, akaenda, na chai haikuja. Mwishowe Osiako aliinuka mwenyewe. Alivuka uani kwenye manyunyu, akafika mlango wa jiko na kusimama nje. Ndani Muhonja alikuwa akizungumza taratibu kuhusu mawe na mchanga na paa, na wazee wote wametulia wakimsikiliza. Katika miaka thelathini na minne ya ndoa, Osiako hakuwahi kumsikia akifika mwisho wa maneno marefu namna hiyo. Mvua ikamlowesha mabega, naye hakujua abishe vipi hodi nyumbani kwake.