Mkono Juu ya Mkate

Jumamosi asubuhi Fauzia aliondoa makaa juu ya mfuniko, akafunua sufuria, akakuta mkate umeumuka na kuiva vizuri. Juu yake palikuwa na alama ya kiganja cha mwanamke. Kidole cha mwisho kilipinda kwa ndani. Fauzia akaweka kiganja chake pembeni kulinganisha: chake kipana, kina kovu la mafuta ya maandazi. Basi akaukata mkate, akamwandalia mumewe chai.

Zahoro, dereva wa lori, alikuwa amerudi alfajiri kutoka foleni. Foleni ya malori inaanzia mpakani Tunduma, siku mbaya inafika Mpemba, na mwanaume akisema amelala humo hakuna wa kumuuliza. "Mkate mtamu," alisema, akauma pale penye kidole kilichopinda.

Mkate uliofuata ukatoka na mkono uleule. Fauzia akabadili unga, akabadili hamira, akakanda mlango ukiwa umefungwa kwa komeo. Wapi! Hakuogopa hata kidogo, alikasirika. Mwanamke gani huyu asiye na haya, anaingia kwenye sufuria ya mtu bila hodi? Akaanza kukagua mikono ya wanawake sokoni. Hata msibani, alipotoa pole, alitazama kidole kwanza, machozi baadaye. Maana Zahoro alikuwa ameapa mbele ya wazee wa Fauzia kwamba hataoa mke mwingine juu yake, na kwa kiapo hicho Fauzia aliacha duka lake la vitambaa Tanga, akaja kula vumbi la malori kwenye baridi ya mpakani.

Siku moja jirani yake Gwantwa alikuja kuomba chumvi, akauona mkate mezani.

"Mkono wa Raudha huo," alisema, huku akichota chumvi. "Anauza mchele wa Kamsamba pale Mpemba. Si ndiye anayenipimia kila mara?"

"Kwa hiyo ulikuwa unajua?"

"Lori la shemeji linalala mlangoni kwake. Hukuniuliza, dada."

Wivu ukampanda Fauzia. Akaufunga mkate kwenye kanga, akapanda bajaji hadi Mpemba. Njia nzima roho ilimuuma: Ni mdogo kuliko mimi? Ni mzuri? Anajua kuoka? Hilo la kuoka ndilo lililomchoma kuliko yote.

Raudha alikuwa amekaa nyuma ya magunia yake. Fauzia hakutoa salamu. Aliufunua mkate akauweka mbele yake. Raudha akaweka mkono juu ya ile alama, ukaenea barabara, hadi kidole kilichopinda.

"Karibu, dada Fauzia," alisema. "Kovu lako nalifahamu. Linatokea kwenye mikate yangu tangu aliponioa. Aliniambia mlishaachana."

Fauzia alikuwa amekuja na matusi ya kutosha mtaa mzima, ila alijikuta ameketi juu ya gunia. Raudha akaingia ndani, akarudi na mkate wake wa asubuhi. Ulikuwa na mikono miwili. Mmoja ulikuwa na kovu. Wa pili ulikuwa mwembamba, na dole gumba lake lilikuwa na pete.

"Huu wako," alisema Raudha. "Huu mwingine unaujua?"

Fauzia hakuujua. Wote wawili wakatazama barabarani. Siku hizo foleni ilikuwa imepita Mpemba, imeshika njia ya kwenda Vwawa.

"Kwa nini uoneshwe wewe kwanza?" Fauzia alifoka, na sasa machozi yalimtoka. "Mkubwa ni mimi!"

Raudha akafungua gunia. Akampimia mchele mzuri, akamfungia kwenye kanga ileile.

Kesho yake mkate wa Fauzia nao ukatoka na mikono miwili, kidole kilichopinda upande huu, pete upande ule. Zahoro alirudi kutoka foleni, akanawa, akaketi.

"Raudha anakusalimu," Fauzia alimwambia.

"Ah, mmeshajuana? Basi heri." Akatafuna. "Siku hizi foleni imekuwa ndefu, mke wangu, we acha tu. Niongezee chai."

Fauzia akamwongezea chai. Jioni alikwenda sokoni kutafuta sufuria pana zaidi, maana kwenye ile ya zamani mikono ilikuwa imeanza kubanana.