Figa la Tatu la Mama Uledi

Jumatatu moja ya mwaka 2007, kabla malori hayajaanza kusogea kwenye foleni ya forodha ya Tunduma, figa moja la Zaitun lilipasuka chini ya sufuria ya maharage. Zaitun, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Uledi, aliwauzia madereva chapati na maharage, na dereva mwenye njaa hana habari na figa la mtu. Akaazima toroli la jirani yake, Mzee Makene fundi pancha, akaenda nyuma ya nyumba, kwenye kile kipande cha ardhi kilicho kati ya nchi mbili, ambako Watanzania na Wazambia hutupa taka kwa ushirikiano mzuri.

Pale alikuta jiwe la maana. Lilikuwa la mraba, limepakwa chokaa, lina herufi na namba. Zaitun alimaliza darasa la saba kwao Kondoa, na herufi alizisoma zote bila kukosea. Hakuona kama herufi zinalizuia jiwe kubeba sufuria. Akalipakia.

Maharage yalipoanza kuchemka, mpaka ulikuwa umehama.

Haukupiga kelele. Tanzania iliishia pale penye figa la tatu. Kuanzia hapo, kupita mlango wa chumba cha mwanawe Uledi hadi ukuta wake wa nyuma, palikuwa ni kile kipande kisicho cha nchi yoyote, na nyuma ya ukuta ilianza Zambia, ambako saa yao iko nyuma ya yetu kama siku zote. Ndani ya chumba cha Uledi hapakuwa na saa kabisa. Saa ya mezani ilisimama. Kikombe cha chai alichopelekewa asubuhi ile kiliendelea kutoa mvuke hadi jioni, na kesho yake, na wiki iliyofuata. Majirani walikuja, wakatazama, wakasema jiko la Mama Uledi sasa liko karibu zaidi na Nakonde. Wanawake wa upande wa pili wakaanza kuja kununua chapati, wakisalimu kwa Kibemba, "Mulishani, mama," bila kupita getini. Hata zamani hawakuwa wanapita getini.

Lazima isemwe kwamba siku hizo Mama Uledi alikuwa bingwa wa watoto wa wenzake. Alijua nani anavuta bangi kwa mwendo wake, nani anatumia unga kwa macho yake, na mama wa nani alilea vibaya, kwa mwaka na mwezi. Kwenye mkutano wa mtaa alikuwa amesimama na kanga yake mpya, akapaza sauti.

"Wafungwe wote! Wa bangi, wa unga, wote! Miaka thelathini! Wapelekwe Ivuna wakachemshe chumvi mpaka wazeeke!"

Watu walipiga makofi. Mzee Makene alinyoosha mkono wenye grisi.

"Mimi naona waruhusu tu, Mama Uledi. Bia si inauzwa mpaka mlangoni kwa mchungaji? Na hiyo iuzwe dukani, ilipiwe ushuru kama mchele, na aliyenasa apelekwe hospitali. Mdogo wangu Damiano walimfunga kwa msokoto mmoja. Aliingia gerezani na bangi, akatoka na unga. Mle ndani ndimo walimomfundisha."

"Mzee Makene, hiyo gundi ya pancha imekupanda kichwani!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi tena, na Mama Uledi akakaa akiwa ameridhika.

Nyumbani kwake wakati huo vijiko vilikuwa vinapungua. Baada ya vijiko ikaondoka pasi, baada ya pasi ikaondoka redio. Mama Uledi alijua ni panya. Alinunua mtego, akanunua na sumu, akamweleza muuzaji kwamba panya wa Tunduma wamezoea biashara ya mpakani, wanabeba mpaka redio. Muuzaji, ambaye naye alikuwa mzazi, alisema ni kweli, hata kwake wapo.

Ijumaa ya wiki ile ya jiwe akaja Afande Anania. Alikuwa askari mpole, anayevua kofia akiingia jikoni kwa mtu.

"Shikamoo, Mama Uledi. Nimemfuata Uledi."

"Marahaba, afande. Kwa lipi?"

"Unga, mama. Anautumia, na ili autumie anaiba. Pasi ya mwalimu imekutwa sokoni Mlowo."

"Afande, hao ni pa..."

Neno akalimeza. Alimtazama mwanawe, aliyekaa kitandani mle chumbani, mwembamba, mikono mirefu ya shati imevaliwa kwenye joto la Oktoba. Macho ambayo angeyatambua kwa mtoto wa jirani kutoka ng'ambo ya barabara yalikuwa yamekula mezani kwake kila siku.

Afande alilivuka figa la tatu, akamshika Uledi, akamfunga pingu. Pingu zikafunguka zenyewe. Akazifunga tena, zikafunguka. Akapuliza filimbi, ikatoka pumzi tupu. Akarudi upande wa Tanzania, akapuliza. Ikalia vizuri, mbwa wakaitikia.

"Hili jiwe umelitoa wapi, mama?"

"Hapo nyuma."

"Basi mimi siwezi. Hapa si kwetu wala si kwao. Hapa hakijakatazwa kitu." Akakaa kwenye kigoda, akaomba chapati.

"Na nikilirudisha?"

"Nitamchukua. Ile miaka uliyoitaja mkutanoni, wakubwa waliipenda sana."

Zaitun hakulirudisha jiwe. Hivyo yule aliyetaka wote wafungwe akawa mwenye mahali pekee, kuanzia Mlowo hadi ng'ambo, ambapo kila kitu kimeruhusiwa, na mahali penyewe ni kati ya jiko lake na kitanda cha mwanawe.

Mateja walisikia. Walikuja wa upande huu na wa upande ule, wakaketi sakafuni chumbani kwa Uledi. Mama Uledi aliwawekea sheria, kwa kuwa serikali haikuwa na yoyote pale: kunawa mikono, kula kwanza, na kurudisha kijiko. Wauzaji wa unga nao walikuja, na bei ikaanguka, maana sehemu kubwa ya bei ile, alieleza Mzee Makene, ilikuwa ya woga, na pale hapakuwa na wa kumwogopa isipokuwa Mama Uledi. Mtaani wizi ukapungua. Kamba za nguo zikaanza kubaki na nguo zake.

"Nilisema mimi," alisema Mzee Makene.

"Kula chapati yako, mzee."

Lakini Uledi alikaa palepale. Hakuona njaa, hakuota ndevu, hakukonda zaidi wala hakunenepa. Ukimuuliza jambo alisema, "Baadaye, mama," na baadaye haikuwepo mle ndani. Osea, kijana wa Msangano aliyepeleka ng'ombe mnadani, aliingia mara moja tu kuonja, akakaa mpaka ng'ombe wakarudi kwao peke yao. Mzee Makene alisimama mlangoni siku nyingine akiwatazama, kofia mkononi. Ile hospitali iliyokuwa kwenye mpango wake haikuja pamoja na jiwe. Hakusema tena kwamba alisema.

Kichwani kwa Zaitun, upande wa Tanzania, mvi ziliendelea kuota kwa saa za kawaida.

Siku moja lori la tajiri mmoja wa mahindi lilipita mbele ya nyumba, na Afande Anania, aliyekuwa anakula, alisimama akalipungia mkono.

"Afande," alisema Zaitun, "hata watoto wa chekechea wanajua kilichomo chini ya yale magunia. Mbona yule humkamati?"

"Malori yale yana mawe yao, mama. Chini ya kiti cha dereva. Tangu naanza kazi."

"Umeyaona?"

"Filimbi yangu imeyaona." Akamega chapati. "Hili la kwako ndilo geni. Ya kwao tumeyazoea."

Zaitun alifikiri juu ya mawe yanayotembea wakati anachagua maharage. Kisha akafanya lile ambalo mpishi yeyote angefanya. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha moto, alisogeza mafiga yote matatu kuelekea chumbani kwa Uledi, kidogo tu, upana wa kiganja. Siku iliyofuata akasogeza tena. Tanzania ikaingia mlangoni polepole, na moshi wake.

Ilipofika kwenye vidole vya miguu vya Uledi, kucha zake zilikua zote kwa mara moja, na vidole vikaanza kutetemeka na kuuma. Watu wa unga huyaita maumivu hayo arosto. Ni mwili unaodai.

"Mama, vidole vinaniua!"

"Vinarudi nyumbani, baba. Vumilia."

Alivikanda kwa maji ya moto. Vilipotulia, alisogeza mafiga. Zikaja nyayo, yakaja magoti. Kila kipande kililia siku zake na kunyamaza. Wale wenzake walijisogeza nyuma, na walipofika ukutani wakaondoka kutafuta pengine. Nguo kwenye kamba za mtaani zikaanza tena kupungua.

Uledi alipokuwa Tanzania mpaka kiunoni, Afande Anania alichuchumaa akamshika vifundo vya miguu.

"Sehemu hii iko kwangu sasa, mama."

"Miguu haijavuta kitu, afande. Kilichovuta ni mdomo, na mdomo bado uko kule."

Afande alilipima jambo hilo, akaona lina sheria ndani yake. "Basi nitausubiri mdomo," alisema.

Mwaka ulipoisha kukawa na mkutano wa mtaa. Mama Bushra, muuza vitenge, alisimama na kanga yake mpya akataka wote wafungwe, na watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akamuuliza Mama Uledi, kama mzoefu, anasemaje: wafungwe au waruhusiwe? Mama Uledi alisimama. Alisema ana maharage motoni, akaketi. Watu walidhani ni mzaha, wakacheka. Nje, lori la tajiri lilipita na vumbi lake.

Wakati wa kutoka, Mama Bushra alimshika mkono. "Shoga yangu, wewe ulitumia sumu gani? Kwangu kuna panya, wanabeba mpaka vijiko."

"Usinunue sumu," Zaitun alimwambia. "Twende ukamwone Uledi."

Walimkuta amekishika kile kikombe. Kidevu kilikuwa na ndevu changa, na jasho lilikuwa linamtoka.

"Mama," alisema Uledi, "chai imepoa."

Zaitun alikigusa kikombe. Kilikuwa baridi. Alikaa chini, palepale sakafuni.

Afande Anania alikuwa ameshakaa kwenye kigoda. Alizifunga pingu zake kwa majaribio, akasubiri. Zikabaki zimefungwa.

"Mdomo umefika, Mama Uledi," alisema kwa upole.

"Umefika, afande. Lakini haujala. Ngoja maharage yaive, mle nyote."

Figa la tatu lilikuwa pembeni ya mguu wa Zaitun. Angelivuta nyuma kwa kiganja kimoja, kile kikombe kingeanza tena kutoa mvuke. Uledi alilitazama jiwe, akamtazama mama yake.

Afande alifunua sufuria akachungulia. "Yamekaribia," alisema.

Zaitun akachota kata ya maji, akaongeza sufuriani.