Binti wa Mtangazaji Asiyependelea

Simu iliyomponza Yudelka Inoa niliipokea mimi, Jumanne moja, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Mimi ni fundi mitambo wa Redio Cigua. Nakaa nyuma ya kioo, napokea simu, nauliza jina na mtaa, kisha namwingiza mtu hewani. Yule bwana alikataa kutaja jina. "Andika msikilizaji," akasema. Mtu wa namna hiyo huwa namkatia. Lakini laini nyingine zilikuwa zimelala, na tajiri wetu, doña Clementina, hapendi kimya. Nikamwingiza.

Ilikuwa imebaki miezi mitatu tuchague meya. Mji wetu wa Masipedro, kama mnavyoujua, una vyama viwili tu vya maana: Kengele, kilichokuwa kimeshika manispaa, na Taa, kilichokuwa kikiitaka. Hata mbwa wa Masipedro wanajulikana ni wa chama gani. Na mtangazaji ambaye hajulikani ni wa chama gani, basi huyo kanunuliwa na wote wawili. Kwetu mtu wa aina hiyo tunamwita tarumbeta: hupulizwa na mwenye pesa.

Don Abelardo Inoa hakuwa tarumbeta. Mimi nimekaa naye miaka kumi na mmoja, najua. Alikuwa na miaka sitini na miwili, mjane, mtu wa mashati ya mikono mirefu hata jua likiwaka vipi. Kipindi chetu cha asubuhi alikiongoza kama hakimu. Meya akipewa dakika tano, mpinzani anapewa tano. Siku moja mgombea wa Taa alishikwa na kikohozi hewani nusu dakika nzima. Abelardo akamrudishia nusu dakika yake. Harusi asizokwenda ni nyingi kuliko alizokwenda, kwa kuhofia atapigwa picha na nani.

Haikumsaidia. Watu walikuwa wakimsikiliza anavyopumua.

"Kaguna! Umesikia alivyoguna alipotajwa meya?" wangenipigia wa Kengele. "Huyo Taa wa kutupwa!"

Dakika kumi baadaye wa Taa: "Mbona mgombea wetu hakumwita mheshimiwa? Mwambie huyo babu atuoneshe bahasha aliyopewa na Kengele!"

Mwenzake pale mezani, Rufino Almánzar, kijana wa mdomo mrefu, aliyachukulia kama mzaha. "Mzee wangu," alikuwa akimwambia, "chagua upande mmoja utukanwe na nusu ya mji. Sasa hivi unatukanwa na mji mzima, tena bure." Abelardo alikuwa hacheki. Kila tusi lilikuwa linamwingia na kukaa.

Basi yule msikilizaji akaingia hewani. Sauti yake tulivu, kama ya mtu anayeuliza bei ya ndizi.

"Don Abelardo, habari za asubuhi. Mimi nina swali dogo tu. Binti yako analipwa na nani?"

Kupitia kioo nilimwona Abelardo akiishika meza.

"Binti yangu ni mkutubi. Anafanya kazi maktaba ya manispaa."

"Manispaa ya nani? Si ya Kengele? Wewe unakula kwa meya kila mwisho wa mwezi, halafu asubuhi unatupigia kelele za haki sawa. Aliingiaje pale? Kwa sura nzuri?"

Akakata simu mwenyewe. Laini zote sita zikawaka kwa pamoja. Nikaweka matangazo ya mafuta ya kula nipate kupumua.

"Don Abelardo," nikamwambia kwa kipaza sauti cha ndani, "achana naye. Kila mtu anajua Yudelka alifanya mtihani."

"Wewe unajua? Ulikuwepo?"

"Matokeo yalibandikwa ukutani, mzee."

"Mimi sikuyaona," akasema. Na kweli hakuyaona. Binti yake alipopata kazi ile, yeye hakuuliza hata swali moja. Aliona kuuliza ni kujihusisha. Akanitazama. "Nipigie Yudelka. Umweke hewani."

"Mzee, ana mimba ya miezi saba. Mpigie mwenyewe kipindi kikiisha."

"Nereida. Angekuwa binti wa mtu mwingine tungempigia au tusingempigia?"

Tungempigia. Nikapiga.

Yudelka alipokea akicheka, akidhani baba yake anataka kujua kama amekula. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mtoto pekee. Tangu mama yake alipofariki, yeye ndiye aliyekuwa akimpikia Abelardo ndizi za kuponda na kumletea studio kwenye bakuli lililofungwa kitambaa, na mimi nilikuwa napata vijiko vyangu viwili.

"Yudelka Inoa, uko hewani," Abelardo akasema. "Wasikilizaji wanataka kujua ulivyopata kazi yako."

Kicheko kikakatika. "Papá?"

"Jibu tu, tafadhali."

"Nilifanya mtihani. Tulikuwa watu kumi na wanne. Nilikuwa wa kwanza."

"Na wakati wa kusahihisha, walijua wewe ni binti wa nani?"

"Jina langu lilikuwa kwenye karatasi. Ningeandika jina la nani?"

"Kwa hiyo huwezi kusema kwa hakika kwamba jina langu halikukusaidia."

Nilisikia kiti kikiburutwa upande wake. Kisha akauliza polepole, "Unaniuliza wewe, baba yangu, au inauliza redio?"

Rufino aliacha kucheza na kalamu yake. Mimi nilikuwa na kidole juu ya kitufe cha kukata, na sikukibonyeza.

"Nauliza kwa niaba ya wasikilizaji," Abelardo akasema.

"Basi waambie wasikilizaji mimi sina la kuwajibu." Akakata.

Abelardo alijivuta karibu na maikrofoni. Sauti yake haikutetemeka. Ndiyo sauti ileile aliyotangazia vimbunga. Akasema kuwa kiongozi yeyote mwenye aibu angemsimamisha mtumishi huyo mpaka uchunguzi ufanyike, na kwamba yeye, Abelardo Inoa, anamtaka meya afanye hivyo leo, sio kesho.

Meya hakuwa mjinga. Nafasi ya kuonekana msafi kwa kumtoa kafara mtoto wa mtu mwingine haiji mara mbili. Saa sita mchana barua ilikuwa imeshafika maktaba. Haikuandikwa kusimamishwa, iliandikwa kuachishwa. Yudelka aliibeba nyumbani pamoja na bima ya hospitali iliyokufa siku hiyohiyo.

Jioni ile mji ulimsifu Abelardo. Mwanamume mmoja alimvulia kofia barabarani. Duka la jirani lilikataa kupokea hela yake ya kahawa. Nilimwona ananyooka mgongo, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kwa ajili yake.

Sifa zile hazikulala hata usiku mmoja. Jumatano asubuhi wa Taa walikuwa laini namba moja: "Igizo hilo! Wamepanga na meya ili meya aonekane mtakatifu. Binti atarudishwa kazini baada ya kura, mtaona!" Wa Kengele laini namba mbili: "Kamuaibisha meya makusudi. Mtu anayeweza kumuuza mwanawe, Taa wamempa ngapi?"

Abelardo alimpa kila mmoja dakika zake mbili.

Doña Clementina alikuja Alhamisi. Ni mwanamke wa vidole vyenye pete kila kimoja, anaongea kama anapima kitambaa.

"Nereida, mwanangu, nikatie kipande kile cha baba na binti. Pale anaposema unaniuliza wewe au inauliza redio. Halafu Abelardo anavyojibu. Weka ngoma chini yake, kisha Rufino aseme: Redio Cigua, haipendelei hata damu yake."

"Doña, huyo msichana..."

"Huyo msichana amesikika na mji mzima tayari. Mara ngapi ni juu yetu."

Nilikata. Nina mkono mzuri, kila mtu anasema hivyo. Nilitoa hata mlio wa kile kiti ili maneno yake yasikike safi. Tangazo lilipigwa kila nusu saa. Lilipigwa madukani, kwa vinyozi, kwenye magari ya abiria, na kwenye zahanati ya bure ambako Yudelka alikuwa akipanga foleni kwa sababu kule alikokuwa akitibiwa walishamfungia mlango. Kuna mwanamke aliniambia watoto mtaani walikuwa wakimpita wakimwigiza: "Unaniuliza wewe, baba yangu?" Naye anatembea tu, mkono mmoja kiunoni.

Baada ya wiki mbili maktaba ilipata mkutubi mpya, shemeji yake meya. Mtihani hakufanya. Vitabu alivifungia, akageuza chumba kuwa mahali pa kufungashia fulana za kampeni. Hakupiga simu mtu yeyote kuuliza. Nilimwekea Abelardo karatasi ya habari hiyo mezani, jina la shemeji nimelipigia mstari.

Aliisoma. Akaikunja mara nne.

"Siwezi," akasema.

"Kwa nini huwezi? Habari si hii?"

"Nikiisema mimi, watasema nampigania binti yangu."

"Basi aseme Rufino."

Rufino akainua mikono. "Dada Nereida, mimi natafuta maisha. Meya akishinda tena nitakula wapi?"

Habari ile haikusomwa.

Abelardo alikuwa akimpigia binti yake kila jioni. Hapokei. Alituma pesa kwa mume wake, fundi wa friji anayeitwa Wascar. Wascar akazirudisha kwa mkono wangu, hazijahesabiwa. "Mwambie don Abelardo," alisema, "sisi hatuchukui hela ya upande wowote." Sikumfikishia maneno hayo. Bahasha nilimpa.

Halafu ikaja Ijumaa ya mwisho ya Januari. Mada ilikuwa mabomba ya maji. Mama mmoja wa mtaa wa kilimani alipiga, mcheshi, mwenye sauti ya kuimba.

"Don Abelardo, kabla ya maji, hongera sana! Jamani, babu mpya! Nimemwona mtoto mwenyewe jana kanisani, ana nywele nyingi kama wigi!"

Abelardo akafungua mdomo. Nilimwangalia kupitia kioo, nikaona hajui. Hakuna aliyemwambia.

"Asante," akasema. "Asante sana, señora. Ni... wanaendelea vizuri?"

"Heee! Unaniuliza mimi? Wewe si babu yake?" Mama akacheka, kisha akaelewa, na kicheko kikamfia mdomoni. Rufino, badala ya kuokoa, akapiga kofi mezani: "Jamani! Babu anapata habari ya mjukuu redioni! Hii ndiyo Redio Cigua, kila kitu moja kwa moja!"

Laini zote sita zikawaka. Nikapiga wimbo. Abelardo alivua visikilizio vyake vya masikioni, akavilaza mezani, akatoka. Ndiyo mara pekee nilipomwona akikiacha kipindi katikati.

Nilimkabidhi fundi wa zamu ya pili mitambo, nikamfuata, nikampakia kwenye pikipiki yangu. Alikuwa bado na kalamu nyekundu ya studio mkononi.

Yudelka alitoka mpaka getini mtoto akiwa kifuani, amefunikwa khanga nyeupe. Alikuwa amekonda. Hakufungua geti. Alimwita Wascar, akamwambia alete kahawa, kwa sababu mtu hafiki kwako akakosa kahawa, na Abelardo akainywa amesimama barabarani, kikombe kikipita juu ya vyuma. Majirani walikuwa wameshatoka vibarazani.

"Ni wa kike?" akauliza.

"Wa kike."

"Nimekosa, mwanangu. Nilidhani nafanya haki."

"Ulifanya. Mji mzima umesikia."

"Niambie la kufanya. Nitakwenda hewani kesho niseme kuwa ulikuwa wa kwanza kati ya kumi na wanne. Niseme na habari ya yule shemeji. Nitasema yote."

Yudelka akamtazama kama anatazama mtu anayeongea usingizini. "Bado hewani, papá? Mimi nimesimama hapa."

Abelardo akashika vyuma vya geti. "Basi niambie jina lake tu. Anaitwa nani?"

"Ukijua, siku moja utalitaja kule."

"Naapa sitalitaja."

"Unaapa kwa nani? Kwa wasikilizaji?"

Kutoka kibaraza cha ng'ambo jamaa mmoja akapiga kelele: "Usimfungulie, Yudelka! Katumwa na Kengele kutafuta huruma!" Mwingine akamjibu: "Kengele gani? Mzee huyo ni Taa damu damu!" Wakaanza kubishana wao kwa wao, wanacheka. Yudelka alichukua kikombe, akaingia ndani.

Taa walishinda uchaguzi. Meya mpya akamfukuza shemeji na kumweka mpwa wake. Yudelka na Wascar walikuwa wamehamia jiji la Santiago, ambako Yudelka anajibu simu za wateja kwenye kampuni moja, saa nane kwa siku bila kupumzika. Doña Clementina bado anapiga tangazo lile. Anasema hakuna jingine linalovuta watu kama hilo.

Abelardo hakuacha kazi. Angekwenda wapi? Anakuja saa kumi na moja alfajiri, anapanga karatasi zake, anampa kila mtu dakika zake, na watu bado wanasikiliza anavyopumua.

Mwezi wa sita nilikwenda Santiago kununua nyaya, nikamtafuta Yudelka. Alinikaribisha. Nilimwambia ni mimi niliyekata kile kipande, na ni mimi niliyempigia siku ile. Kisha akanipa mtoto nimbebe, akaniambia jina lake, na akanitaka kitu kimoja tu, kwamba jina hilo nisimwambie mzee.

Mzee anajua kuwa nilikwenda. Kila baada ya siku chache, tukiwa kwenye matangazo, ananiita kwa kipaza sauti cha ndani.

"Nereida. Alikwambia?"

"Hakuniambia, don Abelardo."

Anatikisa kichwa, anavaa visikilizio vyake, nami namwingizia simu inayofuata.