Maji ya Mke Mwenza

Siku ya ishirini na moja baada ya kumzika mama, lori la baba lilichemsha. Halikuwa limefika mbali. Baba alikuwa amezunguka nalo mtaa kama alivyofanya kila asubuhi, na aliporudi getini mvuke ulikuwa unafuka pembeni mwa boneti. Akazima injini, akashuka taratibu, akaingia chumbani na kulala na viatu vyake, uso ukutani.

Baba hakuwahi kulala mchana maishani mwake. Alikuwa dereva wa jeshi miaka ishirini na sita, na jeshi lilipomstaafisha likalistaafisha na lori lake, naye akaenda kulinunua mnadani. Mtaa mzima humwita Afande, hata watoto wa chekechea. Kila aliyesimama kulitazama lori alisomewa maneno yale yale: tangu akabidhiwe, halijadondosha hata tone. Mama akisikia alikuwa anasonya. "Huyo mke mwenzangu," alisema, "anaogeshwa kila Jumamosi. Mimi niliogeshwa lini?"

Mimi ni fundi wa magari, na gereji yangu iko mitaa mitatu kutoka hapo kwao. Msibani sikulia. Nilichemsha chai, nikapanga viti, nikaitikia pole za watu. Wengine walisema nimejikaza, wengine walisema nina roho ngumu. Ukweli ni kwamba sikuhisi chochote. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Unauona ni wako, unaubana, hausemi kitu.

Siku nne baba hakuinuka ila kwenda chooni. Chakula kilirudi jikoni kama kilivyotoka. Nilimwuliza anaumwa wapi.

"Lori linavuja, mama," akasema. Ananiita mama tangu nizaliwe.

Kesho yake nikauliza tena, akanijibu vile vile. Basi nikafunga gereji, nikabeba sanduku langu la spana na kuhamia kwake. Nilitaka jambo moja tu, baba ainuke. Kuzungumza na mtu aliyegeukia ukuta sijui. Kuziba panapovuja najua.

Nilianza kwa kujaza maji kwenye rejeta, tangi la kupoza injini. Ilikunywa lita kumi na moja. Nikawasha injini, nikajilaza chini na tochi. Mipira ya maji ilikuwa mizima, rejeta yenyewe nzima. Tone lilikuwa linatoka kwenye pampu ya maji, pale shafti inapochomoza. Lilidondokea bamba la chuma linalokinga injini, likatambaa hadi ukingoni, likaanguka chini upande wa kushoto. Nilihesabu hadi kumi, likaja lingine. Kwa mwendo huo ni kama nusu lita kwa siku.

Hapo ndipo nilipoona kitu kilichonikera. Juu ya lile bamba maji yalikuwa yamejichimbia njia ya kutu, pana kama kidole, na kando yake chumvi nyeupe imeganda tabaka juu ya tabaka. Kutu ya namna hiyo haiji kwa wiki tatu. Lori lilikuwa linavuja kwa miaka, na kwa miaka hiyo yote halikuwahi kuchemsha. Kuna mtu alikuwa anaongeza maji.

Nikatoka chini, nikachukua kifuniko cha rejeta nikakigeuza. Raba yake ya ndani haikuwa ya dukani. Ilikuwa imekatwa kwenye ndala ya bluu.

Ndala hiyo naijua. Mama aliivaa miaka mingi ikiwa na tundu kwenye kisigino, duara safi. Tulipomwuliza alisema panya ameitafuna. Baba alicheka hadi machozi: "Panya wa nyumba hii kasoma jiometri!" Kila ndala hiyo ilipopita sebuleni, baba aliuliza panya amefikia darasa la ngapi.

Nikatazama bampa. Upande wa kushoto rangi ya kijani ilikuwa imelika hadi chuma kikang'aa, sehemu ndogo, ya kutosha mguu wa mtu mfupi. Baba hupandia kulia. Na hapo hapo kushoto, hatua mbili tu kutoka kwenye tairi, palikuwa na jiwe la mama la kufulia. Zamani lilikuwa karibu na bomba. Alilihamishia kando ya lori akawa anabeba ndoo kuvuka uwanja mzima, sote tukasema mama kwa ubishi hajambo. Kumbe alitaka ardhi ile iwe na sababu ya kuwa mbichi.

Nilikaa kwenye jiwe lile nikamkasirikia marehemu. Mimi mwanawe, fundi, ningeimaliza kazi ile kwa nusu siku! Kwa nini hakuniambia? Nilikaa mpaka hasira ikaisha yenyewe. Hangeweza kuniambia mimi bila baba kujua kwamba lori lake linavuja kama malori ya watu wengine.

Nilimfuata baba chumbani na kifuniko mkononi.

"Baba, lori linavuja tangu zamani."

"Haiwezekani. Ningejua."

Nikamwekea kifuniko kiganjani. Alikigeuza, akaibonyeza raba kwa kidole gumba.

"Panya," akasema.

"Ndiyo, baba. Panya."

"Alikuwa anapandia wapi? Na ule ufupi wake."

"Kwenye bampa. Rangi imekwisha."

"Saa ngapi?"

"Nadhani ukiwa unanyoa ndevu."

Akainuka, akaketi ukingoni mwa kitanda. Nikarudi nje kupiga simu za kutafuta pampu. Ilipatikana kwa muuza vipuri vya zamani mji mwingine, akaniambia nisubiri wiki moja.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na mlio wa kifuniko. Nilichungulia dirishani nikamwona baba na fulana yake ya ndani, amesimama kwenye bampa upande wa kushoto, anamimina maji kwa jagi la plastiki. Alimimina polepole, akafunga, akashuka. Siku hiyo alikula vipande viwili vya mkate. Siku ya tatu aliwasha lori akazunguka mtaa. Siku ya tano nilimsikia akimwambia jirani getini, kwa sauti ile ile ya kiafande, "Linavuja hili! Nusu lita kwa siku, bila kukosa!" Jirani hakujua acheke au atoe pole.

Pampu ilipofika niliifunga. Baba alinishikia tochi. Nilikausha bamba, nikatandika gazeti chini, tukaiacha injini ingurume saa nzima. Gazeti lilibaki kavu.

"Umejua kazi, mama," akasema, akanipigia saluti. Niliona nimemaliza.

Kesho yake nilikuwa kwenye kizingiti cha jikoni na kikombe cha chai. Baba alipanda kwenye bampa, akafungua kifuniko, akachungulia.

"Limejaa," akasema.

"Ndiyo, baba. Nimeziba."

"Hata kidogo halikupungua?"

"Hata tone."

Hakushuka. Alisimama pale juu, jagi limejaa pomoni, amelishika kwa mikono miwili. Alitazama huku na huku kama anayetafuta pa kumimina. Mwishowe akashuka, akayamwaga maji kwenye jiwe la kufulia, akaingia ndani. Mchana nilipompelekea chakula nilimkuta amelala na viatu, uso ukutani.

Niliketi jikoni na ile sahani. Safari hii niliyemlaza ni mimi.

Chini ya rejeta kuna koki ndogo ya kumwagia maji. Jioni, baba akiwa bado chumbani, niliingia chini ya lori na jagi, nikaifungua koki, nikakinga nusu lita, nikafunga. Maji yenyewe nikayanyunyiza upande wa kushoto, pale pale, mpaka ardhi ikalowa vizuri. Tangu nijifunze ufundi sijawahi kuiharibu kazi yangu kwa mkono wangu. Kisha nikamgongea mlango.

"Baba, kesho ulitazame lori. Sina uhakika na ile pampu."

Alfajiri nilimsikia akipanda kwenye bampa, halafu akaniita kwa sauti iliyofika barabarani.

"Mama! Pampu gani hii umeniletea? Linavuja!"

Nilitoka na khanga begani. "Pole, baba. Leo leo naishusha, naiangalia."

"Usiiguse!" Alikuwa ameanza kumimina, na maji yalikuwa yanaingia kwa mlio mdogo. "Mama yako hakuigusa."

Nikasema sawa. Nikarudi jikoni, nikaketi chini kando ya jiko, nikalia kwa mara ya kwanza tangu tumzike, mpaka chai ikakauka sufuriani.

Sasa mtaa mzima unajua kwamba binti wa Afande ni fundi asiyeweza kuziba maji. Wateja wawili wamehamia gereji ya jirani. Baba anakula vizuri, ananyoa ndevu, na kila anayesimama getini anaambiwa nusu lita kwa siku, bila kukosa. Jioni ananiuliza kama naondoka, namwambia bado kidogo, naingia chini ya lori na jagi.