Mlango Usio na Kibao

Kazi yenyewe ilikuwa sentensi moja tu, lakini sentensi hiyo ilimtoa afisa tathmini jasho wiki nzima. Madiwani walikuwa wameamua kwamba kila programu ya halmashauri ikaguliwe kila baada ya miaka mitatu, tena kwa lazima. Haya, programu ni nini? Hapo walipiga makofi, wakafunga kikao, wakamwachia yeye mzigo wa kuandika maana yake kwa sentensi moja.

Na hangaiko lake halikuwa la makaratasi peke yake. Shangazi yake, tarishi wa halmashauri, alikuwa na kachumba chini ya ngazi, na humo kwa miaka kumi na moja aliwasomea watu barua zao: za hospitali, za mahakama, za ardhi. Hakuna aliyemtuma. Sasa watu wa stoo walikitaka chumba waweke viti vibovu, na mkurugenzi alikuwa keshatamka: kazi isiyokuwemo kwenye orodha ya tathmini haipewi chumba.

"Niingize, mwanangu," shangazi alimwambia. "Wenzangu wanaukimbia ukaguzi kama ukoma, mimi nautafuta."

"Shangazi, siwezi kukupendelea."

"Nani kataka upendeleo? Nataka nikaguliwe!"

Jumatano, kichwa kikimgonga, afisa akaona njia ya mkato. Si kila huduma ina kibao mlangoni? Akaandika: programu ni kazi yoyote yenye kibao. Shangazi naye angebandika chake, mambo yakaisha. Akawapelekea wakuu wa idara waisome, akaenda zake nyumbani roho kwatu.

Alhamisi asubuhi, lahaula! Vibao vyote vimeyeyuka. Mlango wa chanjo mtupu, wa leseni mtupu, wa usafi mtupu. Afisa alimfuma mkuu wa bustani ana bisibisi mkononi, akijitia anakaza kitasa.

"Ukaguzi? Sisi? Sisi tunamwagilia maua tu, dada yangu."

Wananchi wakapotea humo ndani. Mama mwenye mtoto mchanga alijikuta kwa watu wa leseni za biashara, na bwana mmoja aliyefuata leseni ya duka almanusura achomwe sindano. Afisa alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha kicheko kikamkatika, maana kikao kilikuwa kesho na sentensi yake ndiyo hiyo imegeuka kichekesho.

Akashuka ngazi amenuna. Kule chini akakuta foleni ya watu kumi na wanne, imetulia tuli. Hakuna aliyepotea. Mlango wa shangazi haukuwahi kuwa na kibao tangu uanze.

"Mlijuaje ni hapa?" akamuuliza mzee wa mbele.

"Tusijue vipi? Wiki iliyopita alilala na homa, tukakuta pamefungwa. Tulimuulizia jengo zima, mpaka walinzi wakatuchoka."

Afisa akamtazama yule mzee, akamshukuru mara tatu, akapanda ngazi mbili mbili.

Ijumaa alisimama mbele ya madiwani na karatasi moja. "Programu ni kazi yoyote ya mtumishi wa halmashauri ambayo ikisimama leo, kesho mwananchi atakuja kuiulizia."

Wakuu wa idara wakatazamana, hapakuwa na cha kung'oa safari hii.

Diwani mmoja mbishi akainuka. "Na kazi yako wewe, binti? Ikisimama, nani ataiulizia?"

Watu wakaangua kicheko, wakuu wa idara kuliko wote. Swali lilimchoma afisa, kwa sababu hata yeye hujiuliza.

"Mimi!" Shangazi alikuwa mlangoni, mafaili yamemjaa kifuani. "Mimi nitaiulizia. Miaka kumi na moja mnapita mlangoni kwangu kila siku, na huyu ndiye wa kwanza kuuliza nafanya nini mle."

Hakuna aliyecheka tena. Mikono ikainuka mmoja mmoja, wa yule mbishi ukiwa wa mwisho, na sentensi ikapita.

Mchana ule afisa akaanza orodha. Nambari moja: kusomea wananchi barua, chumba cha chini ya ngazi. Akafikiri kidogo, akacheka peke yake, halafu nambari mbili akaandika ofisi yake mwenyewe.