Pijo Iliyosuguliwa Kupita Kiasi

Mume wangu Eustace hajawahi kunisugua mgongo, hata nilipokuwa mzazi. Lakini Pijo yake aliisugua mpaka akasahau kula. Ni gari kuukuu, refu, lenye nafasi kubwa nyuma, alilonunua Turiani kwa mtu aliyefurahi mno kuachana nalo. Kwa nini alifurahi, hatukuuliza.

Binti yetu Neema alipochumbiwa na kijana wa Mbeya, Eustace alitangaza kwamba bibi harusi atapanda mlima mpaka Mgeta, kanisani kwetu kijijini, ndani ya Pijo, na Pijo itang'aa. Nikanuna mwezi mzima. Nilimwambia kila mtu kuwa nimelikasirikia gari. Uongo mtupu. Mbeya ni mbali, na mtoto mwingine sina.

Fundi Abdi wa Mwembesongo alipitisha msasa wa maji, akapaka kompaundi ya kung'arishia, akapiga mashine. Gari likatakata. Akasema, "Baba Neema, ishia hapo. Hii rangi nyeupe ya juu ni nyembamba. Ukizidisha, inaisha."

Ukimwambia Eustace ishia hapo, ndiyo umemwanzisha. Asubuhi ya harusi nikasikia ananiita kwa sauti ya mtu aliyekanyaga nyoka. Ubavuni mwa gari, weupe ulikuwa umelika, na chini yake yalijitokeza maandishi meusi, makubwa, ya mkono mzuri kabisa: SAFARI YA MWISHO. Upande wa pili vilevile, pamoja na msalaba.

Kumbe tulinunua gari la maiti.

"Tubandike karatasi," nikasema.

"Gundi itaharibu polishi," akajibu Eustace, na hakuwa anatania.

Basi tukaweka maua. Maua kwenye boneti, maua milangoni, maua juu ya paa. Maandishi yakaendelea kuchungulia, na sasa hata asiyejua kusoma angejua ni msiba.

Muda wa kutafuta gari jingine haukuwepo. Padri Gervas alikuwa na misa kigango kingine mchana, na alishasema hamsubiri mtu. Neema akapanda nyuma na shela lake, Eustace akashika usukani. Sisi wanawake tukafuata na Hiace, tukipiga vigelegele.

Kuanzia Mzumbe watu walisimama. Malori ya kabichi yakatupisha. Wazee wakavua kofia. Bodaboda wakawasha taa wakaungana nasi, mmoja baada ya mwingine. Pijo nayo, kwa uzee wake, ilipanda mlima kwa gia namba moja, kwa heshima zote. Mama mmoja aliyebeba karoti alivishangaa vigelegele vyetu. Mwenzake akamtuliza: "Hao watani wa marehemu. Waache wafanye yao."

Habari ikatutangulia kwa bodaboda: binti Eustace amefariki njiani, siku ya harusi yake.

Tulipofika, bwana harusi alikuwa chini, anapepewa. Padri alichungulia akiwa na vazi jeupe, akaona gari, akarudi ndani, akatoka na la zambarau, la mazishi.

"Padri, ni harusi!" nikapiga kelele. "Mwanangu mzima!"

"Pole sana, mama," akaniambia. "Uchungu huo tunauelewa."

Foleni ya kuaga ilikwishajipanga kwenye dirisha la Pijo. Ndani, Neema alikuwa ameegemea kiti na kufumba macho, kona za mlima zimemtia kichefuchefu. Bibi Theresia, mzee kuliko wote kijijini, akainama wa kwanza, khanga mdomoni. Neema akafumbua macho. Mwanangu nimemlea vizuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," akaitikia Bibi Theresia, akasogea kumpisha mwenzake. Alishafika kwenye ngazi za kanisa ndipo akapiga yowe.

Wa pili naye akapewa shikamoo, akaitikia, kisha akatoka mbio. Na wa tatu. Hakuna aliyekimbia kabla ya kuitikia, maana hofu ni hofu na adabu ni adabu. Padri aliposikia marehemu anasalimia watu, akarudi tena ndani kubadili vazi.

Mimi nikasukuma watu nikamtoe mwanangu. Wakanikemea nifuate foleni kama wengine. Nikafuata, nikitukana kimoyomoyo gari, polishi, Mbeya na Eustace.

Zamu yangu ikafika. Pijo iling'aa mpaka nikauona uso wangu mlangoni, juu kidogo ya neno MWISHO.

"Shikamoo, mama," akasema Neema, anacheka, shela limejaa maua.

Kijiji kizima kilikuwa kimeitikia. Mimi nikafungua mdomo, neno likakataa kutoka. Nikaung'ang'ania ule mlango, nikaichafua polishi ya watu kwa mikono na machozi, na nyuma yangu mtu akanong'ona, "Haya, huyu sasa ndiye mfiwa."